Mume anataka kumfukuza dada wa kazi, na anayekula mkate ni mimi

Shikamoo Mama,

Naandika nikiwa kazini saa ya chakula cha mchana. Wenzangu wameteremka kwa mama ntilie, mimi nimewaambia nimefunga. Sijafunga. Nimejinyima tu kwa sababu ya yaliyotokea jana usiku.

Nina miaka 34, mzaliwa wa Tanga, nimeolewa, tunaishi Tabata na watoto wetu wawili: wa kike ana miaka tisa, wa kiume minne. Kazi yangu ni uhasibu. Mbele za watu mimi ni mlaji wa kiasi sana, hata kwenye shughuli nikipakuliwa pilau naambiwa naringia chakula.

Usiku ndio balaa. Watu wakishalala naingia jikoni. Naanza na kipande cha mkate, wala sijui kama nina njaa, halafu mkono haukomi. Mkate mzima, ugali uliobaki, mchuzi wa baridi kwenye sufuria, maziwa ya unga ya mtoto kwa kijiko, biskuti zao za shule. Nakula nimesimama, taa imezimwa, haraka haraka, mpaka tumbo linauma na kuinama siwezi. Siku nyingine ni kwenye gari. Njiani nikirudi nanunua chipsi mayai kwa wauzaji wawili tofauti, ili yeyote kati yao asijue ni za mtu mmoja, naegesha pembeni nakula zote, kisha nafika nyumbani nakaa mezani na wenzangu kama sijala kitu. Dukani kwa Mangi huwa nasema nina wageni.

Sijitapishi, na dawa za kuharisha situmii, ingawa chai za kupunguza tumbo zinazouzwa WhatsApp nimeshajaribu nyingi. Kila Jumatatu naanza upya: asubuhi maji ya ndimu, mchana tango, wanga marufuku. Ikifika Jumatano, ikienda sana Alhamisi, narudi palepale.

Ilianza nikiwa chuo, ikatulia nilipoolewa, ikarudi kwa nguvu baada ya kujifungua huyu wa pili. Mwaka huohuo baba yangu alifariki. Sasa ni mara tatu hadi nne kwa wiki. Mwili umeongezeka, mawifi wanasema nimenawiri, kaka yao ananitunza. Nilikwenda hospitali kwa maumivu ya miguu, nikapimwa, sukari imeanza kupanda. Daktari akaniambia, "Mama, jipende, punguza kula," akanipa karatasi ya vyakula vya kuacha. Nilitoka pale nikanunua keki. Mwezi uliopita nilichukua mkopo wa simu kufidia mchango wa kikoba, maana hela yenyewe ilishaishia kwenye chipsi.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Mume wangu ameanza kuona vitu vinaisha. Mkate wa asubuhi haupo, maziwa ya mtoto hayafikishi wiki. Ameamua kwamba mwizi ni dada wa kazi, binti wa miaka 20 aliyeletwa na mama yangu kutoka Lushoto. Alimhoji mbele yangu. Binti akalia, akaapa. Mimi nilinyamaza. Mume amesema mwisho wa mwezi aondoke, na binti huyo ana mama mgonjwa anayemtumia hela ya matibabu.

Nataka kumwambia mume wangu ukweli, aibu inanizidi. Juzi mwanangu wa kike naye kaniuliza kwa nini gari linanuka chipsi. Mama, mimi ni mlafi? Au nina pepo, kama alivyosema shoga yangu mmoja niliyemdokezea? Nimeweka nia Ramadhani ijayo nifunge, nikimaliza niunganishe na sita za Shawwal, kisha kila Jumatatu na Alhamisi, huenda nikajizuia. Nishauri.

Mama wa Wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Nitakujibu kuanzia mwisho, kwa sababu mwisho wa mwezi una tarehe na maradhi yako hayana.

Huyo binti asiondoke. Hapa sitakupambia maneno. Msichana akifukuzwa kwa wizi, habari humtangulia kufika kijijini. Nyumba nyingine ikitaka kumchukua itauliza kwa nini aliondoka Tabata, na mama yako aliyemleta atakuwa na maswali ya kujibu mbele ya wazazi wake. Wewe unaumwa, na kuumwa hakuna kosa. Ila kunyamaza mwenzio akibeba lawama zako ni jambo jingine kabisa. Kuacha mkate usiku huwezi bado. Kusema unaweza, na useme wiki hii.

Tafuta saa ambayo mume wako hana haraka, watoto wamelala. Mwambie kwa kifupi: "Mkate na maziwa ninakula mimi, usiku. Binti hahusiki. Nimejaribu kujizuia peke yangu nimeshindwa, nadhani ni ugonjwa, nataka twende hospitali." Ishia hapo. Usianze kumhesabia umekula nini na nini, wala usimwahidi kwamba hutarudia, maana utarudia kabla hujapona na atakuona mwongo. Akicheka, mwache acheke. Wanaume wengi hucheka jambo likiwazidi kimo. Akikasirika kwamba umemficha, ana haki hiyo, mpe siku mbili tatu. Ukiona ulimi umegoma, mpe barua hii uliyoniandikia aisome mwenyewe. Kisha binti aombwe radhi, na aombwe na wote wawili: mume kwa kumtuhumu, wewe kwa kunyamaza. Habari zote za tumbo lako hana haja ya kuzijua. Anachohitaji ni kujua jina lake ni safi na kazi yake ipo.

Sasa tuje kwako.

Mlafi hufurahia chakula. Wewe umeniandikia mlo baada ya mlo, na sikuona mahali uliponiambia kimoja kilikuwa kitamu. Mchuzi wa baridi gizani, maziwa ya unga kwa kijiko: anayetafuta raha ya ulimi hafuati hayo. Na suala la pepo nitalipita haraka. Dua omba, ni ibada na haimdhuru mtu, ila usimlipe mtu hela akutoe pepo wa chipsi.

Unayoyaeleza yanafanana sana na maradhi ambayo madaktari wanayaita ugonjwa wa kula kwa kupindukia. Sikupimi kwa barua, hilo ni la daktari, lakini nikwambie wanachouliza. Kwanza, je, ndani ya muda mfupi, tuseme saa mbili, unakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula kwa muda huo, huku ukihisi huwezi kujizuia? Kisha wanatazama namna: kula mbio kuliko kawaida, kula mpaka maumivu, kula bila njaa, kula kwa kujificha kwa sababu ya aibu, kujichukia baadaye. Matatu kati ya hayo matano yanatosha. Wewe umenitajia yote. Wanauliza tena kama inatokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, kama inakusononesha, na kama baadaye unajitapisha au unajiharisha ili kukitoa chakula. Ukifanya hivyo mara kwa mara, hesabu inahamia kwenye ugonjwa mwingine, bulimia.

Hapo kwenye kuharisha nikusimamishe kidogo. Unasema dawa hizo hutumii, lakini chai za WhatsApp umezinywa. Chai nyingi za namna hiyo huwa na sanamaki, na sanamaki ni dawa ya kuharisha. Hazipunguzi mafuta, zinatoa maji na chumvi za mwili, na ukizizoea utumbo unakuwa mvivu. Acha, na umwambie daktari kwamba ulikuwa unazitumia.

Yule daktari aliyekupa karatasi usimchukie sana. Ugonjwa huu uliandikwa kama ugonjwa unaojitegemea kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani likauingiza kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Kabla ya hapo watu kama wewe walitupwa kwenye fungu la "mengineyo". Aliyemaliza udaktari zamani huenda hakuufundishwa darasani. Na wala hamko wachache. Utafiti wa afya ya akili ulioratibiwa na Shirika hilo katika nchi 14, uliochapishwa 2013, ulikuta asilimia 1.4 ya watu wazima wamewahi kuugua, dhidi ya asilimia 0.8 kwa bulimia. Wanaume nao wamo, wengi tu kuliko inavyodhaniwa, ila mwanaume akimaliza kilo ya nyama peke yake anapigiwa makofi.

Na hapa kwetu ugonjwa huu una maficho mazuri kuliko mengine yote. Mtu akikonda, mtaa mzima unauliza anaumwa nini. Akinenepa, anapongezwa. Mawifi zako hawana ubaya. Wanasema walichofundishwa kusema, kwamba mwili wa mke ni cheti cha mume. Lakini sifa hiyo imekufungia mlango: utamwambiaje mtu unaumwa, naye anakuona umenawiri? Kisha hospitali unakutana na upande wa pili, mwili uleule unaambiwa ni uzembe. Kati ya sifa za kule na karipio la huku, hakuna aliyekuuliza swali moja tu, unakulaje.

Ndiyo maana hasara yake haionekani kwenye hesabu. Wamarekani walijaribu kuipiga: magonjwa yote ya ulaji kwa pamoja yaliigharimu nchi yao dola bilioni 64.7 katika mwaka wa 2018 hadi 2019, na karibu robo tatu ya fedha hizo ilikuwa ni kazi ambayo watu hawakuifanya, wala siyo dawa na vitanda vya hospitali. Wewe ni mhasibu, kaa chini upige hesabu ya nyumbani kwako. Mchango wa kikoba. Riba ya mkopo wa simu. Mchana huu uliokaa ofisini na njaa huku kichwa hakifanyi kazi. Vipimo vya sukari. Na mshahara wa binti wa Lushoto, ambao ungekatika kwa ajili ya mikate yenu, na dawa za mama yake zingekatika nao.

Sasa sikiliza, hili ndilo utakaloona gumu kuniamini. Jumatatu zako ndizo zinazozaa Alhamisi zako.

Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kilichukua vijana wa kiume 36, wazima wa afya na akili, waliojitolea kwa hiari, kikawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Vijana hao walianza kuota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakalamba sahani. Waliporuhusiwa kula wapendavyo, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema njaa haijaisha. Hao hawakuwa walafi wala wenye pepo. Mwili ulionyimwa hudai, na ukidai haujui adabu. Wewe unaunyima kuanzia maji ya ndimu mpaka tango, halafu usiku unashangaa kwa nini unavunja mlango wa jiko. Baada ya kula unajichukia, kwa kujichukia unajinyima tena. Gurudumu hilo haliwezi kusimamishwa kwa kunyimwa zaidi.

Kwa hiyo, leo hii, shuka kwa mama ntilie. Nasema kweli. Kula wali maharage na mchicha pamoja na wenzako. Kuanzia kesho kula mara tatu kwa siku na vitafunwa viwili katikati, usipitishe muda wa saa tatu au nne bila kitu: asubuhi chai na viazi vitamu na yai, saa nne tunda na karanga, mchana chakula kamili, alasiri maziwa mtindi, usiku ule na familia, ugali wako na dagaa na mboga, upakue na ushibe. Asubuhi baada ya usiku mbaya ndiyo asubuhi muhimu kuliko zote. Hapo kunywa chai kama kawaida, usiipige fidia. Mwanzoni utaona kama unaongeza chakula juu ya chakula. Vumilia. Wanga usiuharamishe. Kwa sababu ya sukari yako, muulize daktari au mtaalamu wa lishe kuhusu kiasi na aina, lakini mweleze kwanza kuhusu usiku, ili asikupe karatasi nyingine ya marufuku.

Pamoja na hayo, weka daftari dogo. Andika ulichokula, saa, mahali, na kilichotangulia: uligombana, ulichoka, ulibaki peke yako, uliruka mlo. Andika palepale, usingoje kesho. Baada ya wiki chache utaanza kuona usiku wako una mpangilio. Mimi nahisi utakuta siku uliyoruka mchana na siku uliyomkumbuka baba yako zimejaa humo, ila daftari litajua kuliko mimi.

Hilo la baba usilipitie haraka kama ulivyolipitia kwenye barua. Sentensi moja tu ulimpa. Ipo tiba ya mazungumzo inayoshughulika na msiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha, hufanywa hata kwa vikundi, nayo imeonekana kusaidia ugonjwa huu. Na isikutishe kwamba ni mambo ya Ulaya: tiba ya namna hiyohiyo ilitumika vijijini Masaka na Rakai, Uganda, kwa watu wenye sonona, ikiongozwa na wenyeji waliofunzwa ambao si madaktari, na matokeo yaliyochapishwa 2003 yalikuwa mazuri. Nyingine, ambayo ndiyo hutangulizwa mara nyingi, ni tiba ya fikra na mwenendo. Mambo ya milo ya kawaida na daftari niliyokutajia yametoka huko. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unaanza na mgonjwa kujisaidia kwa maandishi huku mtaalamu akimsimamia kwa vikao vifupi, na isiposaidia ndani ya wiki nne, anaingizwa kwenye kikundi cha vikao 16.

Utaipata wapi? Anzia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au Muhimbili, uombe kuonana na mwanasaikolojia tiba. Najua jina "afya ya akili" linawapeleka watu moja kwa moja kwenye picha ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe na kamba. Utakuta foleni ya watu waliovaa kama wewe, wengine na vitambulisho vya kazi shingoni. Ukiingia, usiseme "nataka kupungua", maana utapewa tena ushauri wa kupungua. Sema: "Ninakula kwa kupindukia mara tatu hadi nne kwa wiki, siwezi kujizuia, najificha, na nimekuwa hivi kwa miaka." Kama una bima, uliza mapema dirishani vikao vinalipiwa vipi, usije ukaishia njiani kwa sababu ya hela.

Dawa zipo. Baadhi ya dawa za sonona hupunguza vipindi hivi, na Marekani tangu 2015 wameruhusu moja, lisdeksamfetamini, kwa watu wazima wenye ugonjwa huu ukiwa wa kati au mkali. Hiyo ni dawa ya kusisimua, inaweza kumzoesha mtu na kumwendesha moyo mbio, kwa hiyo atakayekuletea vidonge vya "kukata hamu" kwenye kifurushi kisicho na jina, mfungie namba.

Kuhusu uzito nitakuwa mkweli, kwa sababu wengi watakudanganya. Tiba hii lengo lake ni kusimamisha vipindi vya kula, haikuahidi kupungua. Mwongozo huohuo wa Uingereza unawataka wataalamu wamwambie mgonjwa hivyo tangu mwanzo, na wamshauri asijaribu kupungua kwa kujinyima wakati wa matibabu, kwani huamsha ugonjwa. Wengine hupungua kiasi baadaye, wengine hubaki walivyo. Lakini usingizi hurudi, na hela hukaa mfukoni.

Ramadhani. Funga ni ibada, usiigeuze kuwa dayati ya kujiadhibu. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, aya iko Suratul Baqara. Ikiwa kufunga mchana kutwa kunakuangusha kila usiku baada ya futari, ongea na daktari, kisha nenda kwa shekhe unayemwamini umweleze ugonjwa wenyewe, usimwambie tu "nina tumbo". Sita za Shawwal na Jumatatu na Alhamisi ni sunna. Hizo ziweke kando mpaka mtaalamu wako akwambie umetulia.

Binti yako wa miaka tisa ameshaanza kunusa, kwa hiyo usimfiche kabisa wala usimtwike. Mwambie mama alikuwa anakula vibaya akiwa na huzuni na sasa anatibiwa. Mbele yake usijikamate tumbo ukajitukana, wala usimpe biskuti kwa kufaulu au kumnyima wali kwa kukosa. Mama yake mkubwa au shangazi zake wakianza kumwambia "wewe utakuwa bonge kama mama", wakatize hapohapo.

Nimeona umesema aibu, hukusema kufa. Ikiwa mawazo ya aina hiyo yapo na hukuyaandika, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mwamshe mume wako usiku huohuo, akupeleke hospitali.

Siku ya kwanza ya kliniki nenda naye, hata kama atabaki kwenye benchi. Beba majibu yako ya sukari, na umwombe daktari kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, kwa sababu cha kidoleni cha asubuhi moja hakimalizi habari. Na ile karatasi ya vyakula vya kuacha mpelekee pia, aione, mwandike nyingine pamoja.